Bolti Mbili

Askari aliyenisimamisha kabla ya daraja la Jonquière
alimulika tochi nyuma ya gari, akacheka kwa pua.
Namba yangu ilikuwa imekalia kuti kavu.
Bolti moja ilishakwenda zake, sijui lini,
mahali fulani kati ya Novemba na Februari.
Ya pili ilining'inia kama jino la mtoto
linalongoja ulimi wa mwisho.
Na chini ya tarakimu, kwa rangi ya buluu,
bati lenyewe linajigamba: Nakumbuka.
Limekumbuka yote isipokuwa kushika.

Akanipa saa arobaini na nane.

Msimu uliopita mkwe wangu Ovide
alilifunga kwa kamba za plastiki,
akapangusa mikono, akadai kahawa.
Kwenye nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
plastiki hukatika kama ahadi ya mlevi.

Kwa hiyo nimepiga magoti mwenyewe gerejini
juu ya zulia kuukuu la bafuni,
mimi Ghislaine Bouliane, karani mstaafu wa posta,
miaka thelathini nikibandika anwani za watu
zisibanduke njiani.

Chumvi ya barabarani haina haraka.
Bandu bandu imekula nati, imekula na kikalio chake,
imeacha unga mwekundu kama pilipili ya kusaga.
Nilitia mafuta jioni, nikalala, nikaamka.
Bisibisi ikateleza. Koleo likateleza.
Nikatukana kwa maneno ya kanisani,
maana kwetu matusi mazito yote yametoka madhabahuni.
Kichwa cha bolti kikakatika, tik,
shina likabaki limezama.

Basi kekee. Ncha ndogo kwanza, kisha kubwa,
chuma kikidondosha nywele zake za fedha sakafuni.

Kijana wa duka la vipuri alitaka kuniuzia fremu yenye nyota.
Nikamwambia namba haihitaji pambo, inahitaji pa kushika.
Nipe bolti za chuma kisichoshika kutu,
nipe nati zenye pete ya nailoni ndani,
zile zinazouma uzi na kukataa kurudi nyuma.
Mgongoni mwa bati nikaweka ukanda wa mpira
niliokata kwenye tyubu ya baiskeli.
Kaza kwa vidole mpaka ikatae.
Kisha robo mzunguko kwa spana.
Basi. Hapo ndipo wanaume wa ukoo wetu
huongeza robo nyingine, na bati hupinda.

Nikafuta taa yake ndogo, nikaiwasha.
Nikalipiga bati ngumi. Kimya.

Jumapili nikaenda kwa mama.
Rose-Aimée ana miaka tisini na mmoja,
macho yake yanajua mchana na usiku tu.
Kiti chake kiko dirishani, upande wa maegesho.
Nilimkuta amenuna, supu imepoa.
"Umekuja na gari la nani?"
Lilelile, mama.
"Lako huja limevaa njuga. Nalisikia tangu kwenye tuta,
nawaambia wauguzi: huyo mtoto wangu,
wekeni sahani ya pili.
Leo nimewaambia hukuja."

Sikuwa na la kujibu. Nikamvika koti, kofia, viatu vya theluji,
tukatoka, hatua kumi na moja, barafu ikilia chini yetu.
Akavua glavu. Akapapasa herufi zilizotuna, mojamoja,
kama anayehesabu vifungo vya shati.
Akalishika bati ncha mbili, akalitikisa
kwa nguvu zote alizobakiza.
"Umekaza wewe?"
Mimi.
Akaguna. Guno lile nimelipata mara mbili maishani,
la kwanza siku nilipoajiriwa posta.
Kisha akatia mkono wake wa baridi mfukoni mwangu.
"Basi ukifika piga honi," akasema.
"Mara mbili. Moja hupigwa na kila mtu."