Jicho la Mashine ya Tatu

Zamu ya usiku, kiwanda cha kukoboa kahawa, Moshi.
Reli imelala nje, majani yameota kati ya mataruma.
Mlima umejifunika, hauonekani, ila baridi yake imeshuka
na kuingia mlango wa nyuma bila hodi.

Kazi yangu ni mashine ya tatu.
Buni zinamiminwa juu, zinateleza kwenye bati,
kisha zinaachiwa:
sentimita themanini hewani, hazina pa kushika.

Hapo humkumbuka Mwalimu Ngowi, kidato cha tatu,
alivyopanda juu ya meza na makobazi yake ya tairi,
chaki mkono huu, ufunguo wa maabara mkono huu.
"Kipi kitatangulia?"
Tukabishana, tukawekeana hata dau la andazi.
Akaachia.
Ko.
Mlio mmoja.

"Niambie kitu kiko wapi na kinakwendaje,
nami nitakuambia kitakakokuwa."
Nikatoka darasani nikiwa nimenyooka kama rula.

Nimeyajaribu maneno yake hapa, usiku baada ya usiku.
Buni ikipita mbele ya jicho
inakwenda mita nne kwa sekunde, au karibu na hapo.
Sehemu moja ya mia ya sekunde baadaye
iko kwenye mdomo wa upepo.
Nyeusi? Fyu! Kando.
Nzima? Pita mama, karibu gunia.
Hapana dua hapo, hapana nyota ya mtu.

Lakini jicho lenyewe.

Mwezi wa nne lilipata ukungu, akaja fundi kutoka Arusha,
Nasieku, mkoba begani, maneno machache.
Alilifungua kiganjani mwake kama anayemenya yai.
Akasema mwanga hauji kama maji ya mfereji wa Kibosho,
huja punje punje, kama buni zako hizi;
na punje ikitua kwenye kile kioo cheusi
huenda ikang'oa elektroni, huenda isiing'oe.
"Ipi itang'oa?"
"Haijulikani."
"Wewe ndiye hujui."
"Hakuna ajuaye. Si siri iliyofichwa, kaka.
Jibu halijawepo bado."

Nilikasirika, sijui kwa niaba ya nani.
Mashine ya mamilioni, bolti zimekazwa kwa kipimo,
kumbe imekalia *labda*?

Jumapili nikampelekea mama hasira ile.
Aikande, miaka kumi na tisa mchambuzi wa buni,
mezani, papo hapo ilipofungwa mashine yangu.
(Hatulizungumzi hilo.)
Nikamuuliza: mbovu ulikuwa unaijuaje?
Akazitazama kucha zake.
"Moja moja? Nilikosea sana.
Lakini gunia langu halikurudishwa hata siku moja."

Nilirudi kazini na gunia lile kichwani.
Punje moja ya mwanga, kigeugeu;
elfu elfu zao, shahidi asiyeyumba.
Na buni nayo, alisema Nasieku akifunga mkoba,
ina labda yake, ila ndogo:
andika nukta, panga sifuri thelathini na tatu,
ndipo namba ianze kupumua.
Kwa hiyo Ngowi hakutudanganya.
Alituonyesha gunia,
punje akatuachia.

Saa tisa usiku umeme ukakatika.
Jicho likafumba, upepo ukanyamaza,
na zile zilizokuwa njiani
nikazisikia zikianguka gizani, ta, ta-ta, ta,
nyeusi kwa nzima, kwa utii uleule.

Moja nimeiokota kwa mwanga wa simu.
Upande kijani, upande mweusi.
Nimeitia mfukoni.
Bado sijaiamulia.