Nakala Ishirini

Duka langu hapa Mokowe lina mashine mbili:
moja ya kuchapa, moja ya kunung'unika.
Huandika hati za mashamba, barua za karo,
maombi ya kazi yasiyojibiwa.
Jumanne ile waliingia watano kutoka Hindi
na karatasi iliyokunjwa mara nne,
jasho limeilainisha kama kitambaa.

"Tuandikie waraka," akasema Mwalimu Gichovi.
"Kamati ya Usalama inakuja Alhamisi.
Tumepewa dakika kumi."

Nikaandika.
Kifungu cha kwanza: bunduki za polisi wa akiba
zisilale tena nyuma ya milango ya vyumba.
Zilale kituoni, katika sanduku la chuma lenye funguo mbili,
na funguo hizo zisikae mfuko mmoja.
Cha pili: risasi zihesabiwe zikitoka, zihesabiwe zikirudi,
kama nesi anavyohesabu pamba
kabla ya kushona tumbo la mtu.
(Mfano huo ni wa Rukia Abaloni, wa zahanati.
Mwalimu alitaka tuufute. Niliuacha.)
Cha tatu: anayebeba apimwe, na si macho tu.
Aulizwe halalaje.
Aulizwe alilipwa lini mara ya mwisho.

"Miezi saba," akasema Dhadho, akacheka bila furaha.
Yeye mwenyewe ni polisi wa akiba;
nilidhani amekuja kupinga.
"Usiku msitu ukitikisika, mlango mnaogonga ni wangu.
Msiichukue hii mkaniachia filimbi.
Lakini nina watoto watatu,
na mdogo ameshajua kufungua komeo."
Kwa hiyo kikawepo cha nne:
doria ya usiku ifike kwanza, ndipo lije sanduku.
Walibishana juu ya "kwanza" mpaka chai ikapoa.

Bi Mwanashee alikuwa ameketi juu ya katoni ya karatasi.
Hakutamka neno mpaka nilipowasomea yote.
"Na ina lake?" akauliza. "Halimo?"
Ina, si jina. Miaka thelathini ya kulima bara
haikukigusa Kiamu chake.

Wakamweleza kwa upole. Waraka ni wa sera.
Jina moja litaufanya uonekane ugomvi wa majirani.
Na kweli, risasi ilikuwa ya jirani:
haikutoka msituni, haikuvuka mpaka wa nchi yoyote,
ilivuka ua wa makuti
kwa ajili ya mbuzi aliyekula mihogo.
Redio haikutangaza.
Tulikuwa tumezoea kuogopa upande mmoja tu wa barabara.

Nikachapa nakala ishirini.
Kumi na moja zilitoka nyeusi, tisa zikatoka kijivu;
wino huisha siku ya haja.
Bi Mwanashee akaomba kalamu.
Chini ya kila ukurasa wa mwisho akaandika,
polepole, kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto:
Lali.
Mwalimu akatazama dirishani. Hakuna aliyemzuia.
Nilijikuta nahesabu. Kwenye ya kumi na nne
kalamu ilisimama, ikangoja, ikaendelea.

Alhamisi dakika kumi zilikuwa sita.
Mwenyekiti akasema, "Tumewasikia,"
tayari amesimama.
Karani akagonga muhuri, IMEPOKELEWA,
akaona chini ya ule wino wa zambarau
kitu asichoweza kukisoma.
"Haya maandishi ni ya nini?"
Dhadho ndiye aliyejibu:
"Kifungu cha tano."

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani.
Hakuna sanduku lililoletwa, wala doria.
Jana Mwalimu alipita na mkoba wake uleule,
akauliza kama faili bado ninayo.
Safari hii wanakuja na watu wa Witu pia,
na wao wana majina yao.
Nikamwambia faili ipo.
Na wino nimeshanunua.