Mkanda Usiolia

Thoya kaja na pikapu ya chumvi kutoka Gongoni,
inalia; Mambrui nzima imeisikia ikipita.
"Fanibelti," asema. "Nimeipaka sabuni."
Sabuni!

Nateka maji kwa kizibo, naunyunyizia ukizunguka.
Kelele inanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne,
inafufuka.
Basi haujalegea. Ni puli ya altaneta, imekaa upande,
chumvi imekula kitako chake.
Kazi ya saa moja, na chai juu yake.

Na wa ndani?
"Wa ndani haujanisumbua."
Ndiyo maana nauliza.

Bolti ya nne imeganda, naibembeleza kwa dizeli.
Kifuniko kinatoka: mkanda wa taimingi,
meno mawili hana, mgongo nyufa tupu
kama kisigino changu,
wala haujapata kusema neno.
Ungekatika pale daraja la Sabaki
valvu na pistoni wangesalimiana kwa ngumi.

Nageuza kifuniko nikifute.
Kwa ndani, rangi nyeupe, mwandiko wa baba:
Lali. 112,000. Ufunguliwe 200,000.
Mbili yake imelala chali, kama zote.
Dashibodi yasoma laki mbili na elfu sita.
Baba hayupo mwaka wa tatu.

Naazima rangi ya kucha duka la simu,
natia alama juu, natia chini,
navisha mpya. Nazungusha kwa spana, mkono wangu,
mara mbili, taratibu.
Alama zimerudi zilipotoka.

"Niwashe?"
Ngoja.
Chini ya mwandiko ule, kwa wekundu wa kucha:
Binti Lali. 206,000.
Ufunguliwe laki tatu.