Namba ya Riziki

Mchungaji Ngumbao alinizamisha mtoni Sabaki,
nikaibuka na tope jekundu masikioni.
Akasema, Jumwa, yule wa zamani tumemwacha humu majini.
Vigelegele vikapigwa.
Nikapanda bodaboda na nguo mbichi hadi Maweni,
nikamkuta yule wa zamani kanitangulia,
kajifunga kanga yangu, kakalia kigoda changu,
anapepea jiko.
“Karibu,” akasema. “Nikutilie sukari vijiko vingapi?”

Huu ni mwaka wa sita.

Nilidhani jaribu ni mgeni:
atabisha, nitamkatalia, atakwenda zake.
Kumbe ni mpangaji.
Ana ufunguo. Anajua mlango upi unalia usiku
na namna ya kuuinua kidogo usilie.

Ijumaa, saa kumi na moja, Thoya huja kibandani,
ana chumvi kwenye nyusi,
katoka kuvuna chumvi Gongoni.
Najua ladha ya chumvi ile.
Mungu nisamehe, naijua.

“Niwekee elfu mbili,” husema, “kwa mama watoto.”
Huanza kunisomea namba: sifuri, saba…
Mimi nimeshamaliza.
Namba ya mkewe naijua kuliko zaburi yoyote.
Jina hutokea kwenye kioo: Riziki Fondo Mwaringa.
Simu huniuliza kama nina hakika.
Kila Ijumaa simu huniuliza,
na kila Ijumaa kidole hukaa hewani
kama nzi asiyejua atue wapi.

Nathibitisha.

Kisha haondoki.
“Joto, eh?”
“Joto.”
Basi. Hilo tu.
Lakini neno hilo lina kitanda ndani yake,
lina neti iliyochanika pembeni, lina redio ya jirani,
lina mvua ya mwezi wa tano tuliyoisikiliza
hadi mabati yakanyamaza.

Namba yake niliifuta mwaka wa kwanza.
Kichwa kilikubali.
Vidole bado wako darasa la ubatizo.

Mama Kadii wa kwaya alinishauri nihame kibanda.
Nihamie wapi? Kodi nimelipa hadi Desemba,
na moyo huu nitaupakia mkokoteni gani?
Nikafunga siku tatu.
Siku ya pili njaa ilimwita njaa mwenzake,
wakaketi kuzungumza habari zake.

Hata sala ina mwiba.
Nikifika pale pa kuomba riziki ya leo,
namwona mwanamke nisiyewahi kuonana naye,
anafungua ujumbe wa simu, anahesabu unga,
na wala hajui ni mkono gani uliomtumia.
Nakwama hapo.
Wenzangu wanakuwa wameshafika kwenye majaribu,
wanaomba wasitiwe,
nami nawakimbilia nyuma, natweta,
kama mtoto aliyesimama kutoa mwiba mguuni.

Jumapili iliyopita baada ya ibada
nilishuka hadi ufukweni.
Bahari ya Malindi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa:
tope la Sabaki limeteremka,
limezunguka, limenifuata mpaka mjini.
Yale niliyoyaacha mtoni
yamekuja kunisalimu na mwani ulioza.
Sikukasirika. Nilichoka tu.
Nikavua ndala,
nikanawa miguu kwa maji yaleyale.

Leo ameacha kofia yake juu ya meza.
Labda kasahau.
Labda.
Niliishika. Ilikuwa na umbo la kichwa chake.
Sitasema niliishika kwa muda gani;
Bwana alikuwepo, hesabu anayo.

Kisha nikaitundika nje, upande wa barabara,
kwenye msumari wa tangazo,
akirudi aichukue bila kubisha.
Mkono ulitetemeka juu ya kufuli.
Kufuli likafunga.

Sasa natembea kwenda nyumbani.
Najua anayenisubiri, kijiko mkononi.
Nitamwambia: leo bila sukari.

Kesho ataniuliza tena.