Kiganja Kimoja

Saruji irudisheni, alisema fundi Nampunju.
Ukuta wa matumbawe ukiuziba pumzi
hutoka jasho, kisha chumvi, kisha huanguka.
Tukachoma chokaa siku tatu
nyuma ya boma la Lindi.

Tukakwangua rangi: kijani cha halmashauri,
buluu, njano, nyeupe ya Wajerumani,
na chini yake, kwa mkaa, vistari
kumi na saba,
kama vijiti vya kuhesabia vya darasa la kwanza.
Mtu alisubiri hapa. Kodi? Hukumu?
Jina hakuandika.

Mhandisi alipokuja na pimamaji yake
ukuta wote ulikuwa mweupe, pwa,
isipokuwa kiganja kimoja.

“Hapo mmesahau.”

“Hapo,” akajibu Nampunju, akinawa chokaa,
“hapajakauka.”