Namba 417

Chini ya hadubini, ubongo wa kondoo
una matundu, kama mkate ulioumuka kupita kiasi.
Steinvör anasogeza kioo, anakirudisha, anasogeza tena.
Sikioni: 417.
Kwenye fomu, kwa penseli ya mwenyewe:
"Alianza kujikuna ukutani mwezi wa Kumi.
Jina lake Móra. Ndiye hutangulia wenzake."

Sheria haimjui kondoo mmoja.
Akipatikana huyu, huchinjwa wote,
mia tatu na sita,
na walio tumboni, ambao hakuna aliyewahesabu.

Anapiga simu. Hallgrímur anapokea
kabla haijalia mara mbili;
nyuma yake zizi zima linapiga kelele.
"Subiri, daktari," anasema, "niwape majani kwanza."

Anasubiri.
Vilio vinakatika, kimoja kimoja.