Hadi Saa Kumi

Meli imetia nanga nje ya Mkoani tangu alfajiri,
nyeupe, ndefu kuliko barabara ya bandarini hadi hospitali,
na kwenye mashua yangu wameshuka wanne
wenye miwani ya kuzamia inayonuka dukani bado.
Wana hadi saa kumi.
Saa kumi na robo, meli haimjui mtu.

"Wapi pazuri?" wananiuliza,
kama muuza samli anavyoulizwa ipi ya ng'ombe.

Nawatandikia ramani juu ya sanduku la barafu.
Misali: ukuta unaoshuka mpaka buluu inageuka wino.
Lango la Njao: mkondo, na leo ni bamvua,
maji yatakubeba kama mtoto anavyobebwa na harusi ya watu.
Kaskazini kabisa napataja kwa adabu tu, mafuta hayafiki.

Bibi mmoja, mwenye jina la konsonanti tupu,
anasema mwaka jana alizama Karibi,
visiwa sita kwa siku tisa,
na kila kisiwa papa walikuwepo, kwa miadi.
"Hapa papa wapo?"
Wapo, namwambia, ila hawajaambiwa kuwa unakuja.
Anacheka peke yake. Mumewe anaangalia saa.

Kisha kidole cha mume kinatua nisipopataja,
duara la penseli, kusini, upande wa Panza.
"Na hapa je?"
Hapo pamefungwa.
"Na nani? Serikali?"
Na mama yangu.

Na Bi Mchanga, na Time binti Faki, na wengine kumi na wanne
waliokaa juu ya jamvi mwezi wa Rajabu wakakubaliana:
hapana mchokoo, hapana mguu, hapana nanga,
mpaka pweza wakue.
Zimebaki siku kumi na moja.
Chini pale, najua, kila tundu lina mwenyewe,
kila mlango umepambwa kwa makombe yaliyoliwa,
na matumbawe yamesahau sauti ya chuma.
Ndipo pazuri kuliko pote. Sitasema uongo.

Anatoa noti, anazikunja, anazikunjua.
Noti mpya nazo.

Niliwaza, nisijifanye malaika.
Ada ya Nasra. Kompresa inayotapika mafuta.
Na mama yuko nchi kavu, chini ya maji haoni.
Lakini mama anaijua bahari kwa nyayo.
Siku ya kufungua angekanyaga mara moja tu
akasema: hapa kuna mtu kapita.
Na angenitazama mie, si mwengine.

Bibi ndiye aliyeuliza, polepole:
"Siku yako ya mapumziko, wewe huzama wapi?"

Siku yangu ya mapumziko nafua.

Ila siku moja funguo za nyumba ziliniponyoka
pale gati la zamani, mita saba,
nikashuka na mtungi nusu, kwa hasira,
nikakaa mpaka hewa ikanifukuza.
Funguo sikuzipata.

"Basi twende huko," akasema.

Hakuna ukuta. Hakuna papa.
Kuna nguzo zilizovaa sponji za rangi ya manjano,
sufuria iliyotoboka, na ndani yake mkunga mdogo
akichungulia kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Tairi la lori limeota vidole vya zambarau.
Bunju alituzunguka mara mbili, akaona hatuna maana.
Feri ya Unguja iliunguruma mbali,
tukaisikia kwenye meno.
Yule mume alikaa kitako mchangani,
mtu mzima, mikono mapajani,
mpaka geji ikasoma arobaini nikamgonga bega.

Saa tisa na nusu waliniaga, chumvi kwenye nyusi.
Kitabu cha kazi kina mstari umeandikwa Mahali.
Nikaandika: Gatini.
Nikafikiri, nikaongeza: kutafuta funguo.

Nyumbani mama alikuwa akinoa mchokoo wake.
Hakuniuliza nilikowapeleka wageni.
Aliniuliza tu kama maji yalikuwa baridi.